Jicho la Mgeni

Katika viumbe vyote vilivyo duniani, binadamu ndiye apendaye mno kumtazama mwenzake. Mbwa hutazama mfupa, na mwewe hutazama kifaranga, lakini sisi hutazamana sisi kwa sisi, wala kazi hiyo haituchoshi. Bibi harusi apitapo, madirisha hufunguka. Mtu mwenye jaha aingiapo mkutanini, shingo hugeuka. Na mwenye kanzu mpya siku ya Idi hutembea polepole kuliko desturi yake, kwa kuwa ajua kwamba anatazamwa. Sioni dhambi katika jambo hili. Watu wa pwani yetu wamejipamba tangu zamani kwa hina na wanja, kwa udi na asumini, kwa leso za jozi zenye majina ya mafumbo. Na bara nako shanga zilikuwa na heshima yake, na rangi zake zilikuwa na maana. Anayewaambia vijana kwamba mapambo ni upuuzi mtupu amesahau ujana wake, au hakubahatika kuwa nao.

Lakini kuna kutazama kwa namna mbili, nami nataka, msomaji, tuzipambanue kabla hatujafika mbali. Ya kwanza ni ile ya mtaani na kijijini. Msichana mzuri wa mtaa hujulikana kwa uzuri wake, na pamoja na uzuri huo hujulikana kikohozi chake, deni la mama yake dukani, hasira zake bombani wakati wa kuteka maji, na ukarimu wake siku ya msiba. Jicho linalomsifu ndilo jicho linalomjua. Sifa zake zikizidi kiasi, hapakosi mtu wa kuzipunguza. Na aibu yake ikizidi kiasi, hapakosi mtu wa kumtetea. Namna ya pili ni ya jicho la mgeni. Jicho hili humtazama mtu lisiyemjua, kwa muda wa kufunua ukurasa mmoja, kisha humtolea hukumu. Na baya zaidi, humfundisha mtazamaji naye ajitolee hukumu kwa kipimo hicho hicho. Kutazama huku kwa pili ndiko kunakouzwa katika magazeti ya karatasi nyororo, yenye picha za watu mashuhuri, wakwasi, na wavaaji wa mitindo mipya.

Magazeti hayo wayajua. Hulala juu ya meza za saluni, mengine yakiwa na umri wa miaka kadhaa, pembe zake zimejikunja kwa vidole vya watu wengi. Huuzwa yakiwa yamekwisha kutumika kando ya njia za Nairobi. Wanafunzi wengi wamejalidia madaftari yao kwa kurasa zake, hata mtu akafanya hesabu za aljebra nyuma ya bega la mwigizaji wa Marekani. Siku hizi picha zizo hizo zimehamia katika simu, na kila mwenye simu amekuwa mpiga picha, mhariri na mwanamitindo kwa pamoja. Aweza kuulainisha uso wake kwa kidole kabla hajawaonyesha rafiki zake. Sitakaa sana hapo, kwa maana simu haikuleta swali jipya. Swali ni lile lile la karatasi: je, ni haki mtu kuipima thamani yake kwa jicho la asiyemjua?

Hatuwezi kulijibu bila kujua magazeti hayo hufanyaje kazi. Vogue, ambalo kwa sifa ndilo mfalme wake, lilianzishwa New York mwezi wa Desemba mwaka 1892, nalo lilitoka kila wiki. Mwanzilishi wake, Arthur Turnure, alilikusudia kwa watu wa tabaka la juu wa mji ule: dansi zao, karamu zao, harusi zao na mavazi yao. Mwaka 1909 lilichukuliwa na Condé Nast, mtu mwenye akili ya biashara, ambaye aling'amua jambo lililowapita wengine. Wachapaji wengi walitafuta wasomaji wengi. Yeye alitafuta wasomaji wachache wenye fedha, kisha akawaendea wauzaji wa vito, manukato na magauni, akawatoza ada kubwa ili matangazo yao yapite mbele ya macho ya matajiri hao. Hebu litafakari jambo hili. Muuza samaki huuza samaki, na muuza nazi huuza nazi. Muuza gazeti la namna hii huuza nini? Fedha alipayo msomaji haiwezi kulipia picha zile zote, safari zile, na karatasi ile. Sehemu kubwa hutoka kwa mwenye tangazo. Basi bidhaa yenyewe ni msomaji. Jicho lako ndilo linalouzwa, nawe umelipa nauli ya kulipeleka sokoni.

Kutokana na hayo hufuata jambo jingine. Mtu aliyeridhika na viatu vyake si mnunuzi wa viatu. Kwa hiyo gazeti lisilompunguzia msomaji ridhaa yake halina faida kwa wenye matangazo. Lazima umalizapo kurasa zake uondoke na upungufu kidogo, kama mtu aliyenusa pilau ya jirani. Lugha yetu ilikwisha kulipa jambo hili jina kabla ya gazeti la kwanza kuchapwa: tamaa ya kile alicho nacho mwenzio huitwa kijicho, yaani jicho dogo, jicho lililofinywa na kuumwa. Sisemi kwamba wahariri hukaa usiku wakipanga njama ya kuwaumiza wasichana. Wengi wao ni watu wapendao sanaa, na katika kurasa zao zimo picha ambazo ningefurahi kuzitundika ukutani. Nasema tu kwamba kinu kimejengwa hivyo, na mwenye kutia nafaka katika kinu asistaajabu kuona unga.

Wavulana wasicheke wakidhani kuwa maneno haya ni ya dada zao. Kijana anayeona haya kuvaa saa ya baba yake, kwa sababu mchezaji wa mpira wa Ulaya amepigwa picha na saa nyingine, yumo katika kinu hicho hicho.

Tena wale waonyeshwao humo aghalabu hawavai mali yao. Vito na magauni ya siku za sherehe kubwa huazimwa kwa mafundi na masonara, ambao hupata tangazo kwa kila picha, kisha hurudishwa. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini katika biashara hii nguo ya kuazima ndiyo hasa itakiwayo. Mwezi wa Februari mwaka 2015, katika sherehe ya tuzo za Oscar, mwigizaji wetu Lupita Nyong'o alivaa gauni la Calvin Klein lililoshonewa lulu zipatazo 6,000, nalo lilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 150,000. Siku chache baadaye gauni hilo liliibwa hotelini. Halikukawia, lilikutwa limetupwa katika hoteli iyo hiyo, na mtu aliyewapigia simu waandishi wa habari, akidai kuwa ndiye mwizi, alisema kwamba alikwenda kuzipima lulu zile akaambiwa kuwa ni bandia. Mimi si sonara, wala sina sababu ya kumwamini mwizi. Lakini ikiwa alisema kweli, basi mamilioni ya watu walizitazama lulu zile katika picha, na aliyetaka kuziuza ndiye peke yake aliyezishika mkononi na kuuliza.

Yote hayo ni ya mavazi, na mavazi huvuliwa. Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwaka 2003 gazeti la wanaume la Uingereza liitwalo GQ lilitoa picha ya mwigizaji Kate Winslet jaladani. Miguu yake ilikuwa imerefushwa na mwili wake kupunguzwa kwa ufundi wa kompyuta. Mwenyewe alipoiona alisema wazi kwamba hayuko hivyo, wala hatamani kuwa hivyo. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 ikawa zamu ya Lupita. Gazeti la Grazia la Uingereza lilimweka jaladani, na katika picha hiyo fundo la nywele zake za asili, lililokuwa nyuma ya kichwa, lilikuwa limefutwa, na nywele zilizobaki zimelainishwa. Lupita hakunyamaza. Alizitoa hadharani picha za kwanza na ile iliyochapwa, akaeleza kuwa nywele zake zimeondolewa ili kulingana na fikira ya Kizungu ya nywele nzuri. Mpiga picha aliomba radhi.

Nakuomba, msomaji, usipite hapa upesi. Ni nani aliyedhulumiwa katika jambo hili? Utasema kuwa ni Lupita, nami nakubali. Mtu aliyeombwa uso wake kwa heshima, kisha akarudishiwa uso mwingine wenye jina lake, amedhulumiwa. Lakini yeye ana sauti, na sauti yake ilisikika duniani. Mfikirie sasa msichana wa kidato cha pili, ambaye alilitazama jalada lile siku moja kabla ya ukweli kutoka. Alikuwa na nywele kama za Lupita, ngozi kama ya Lupita, na alikwisha kujisemea moyoni kwamba hatimaye jicho la dunia limemkubali mtu aliye kama yeye. Kumbe limemkubali kwa sharti. Tena sharti lenyewe halikuandikwa mahali popote. Lilifanywa kimyakimya, kwa mkono wa fundi, ili msichana yule adhani kuwa upungufu ni wake. Lupita mwenyewe, akisimama asubuhi mbele ya kioo, hangefanana na Lupita wa jaladani. Basi msichana aliyetamani kufanana naye alitamani kufanana na nani? Alitamani uso usio na mwenyewe. Wivu wa zamani ulikuwa na adabu moja: ulimwonea mtu aliyekuwapo. Huu wa leo hutuumiza kwa ajili ya mtu ambaye hakuzaliwa.

Na ikiwa uso waweza kubadilishwa, habari za mtu nazo zaweza. Kisa ninachotaka kukieleza hapa kilianzia katika mji wetu wenyewe. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alimwona katika njia ya Nairobi msichana mrefu wa Kisomali aitwaye Iman, akamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Iman alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akisoma elimu ya siasa. Baba yake alikuwa amepata kuwa balozi, na mama yake alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Alijua lugha tano. Alipoambiwa habari ya picha, aliwaza habari ya karo, akataka alipwe kiasi cha kutosha ada ya chuo. Hayo ni majibu ya mtu mwenye akili timamu na mahitaji yanayofahamika. Kila mwanafunzi asomaye kitabu hiki aweza kumwelewa.

Alipofika New York katika mwaka uo huo, waandishi wa habari walikuwa wakimngoja, lakini hawakumngoja mwanafunzi wa siasa. Beard alikuwa amewaambia kwamba msichana huyu amemwokota nyikani, mchunga mifugo asiyejua Kiingereza. Habari hiyo ilichapwa na kuaminiwa. Iman alieleza baadaye, mara nyingi, kuwa haikuwa kweli; lakini hadithi ikishapata mbawa haishikwi kwa mkono.

Kwa nini hadithi ilipendwa kuliko ukweli? Ukweli haukuwa na upungufu wowote: msichana mkimbizi, binti wa balozi, mwenye lugha tano, anayetafuta karo. Mwandishi wa riwaya angefurahi kuupata. Lakini ukweli huo ulikuwa na kasoro moja katika jicho la mgeni, nayo ni kwamba ulimfanya Iman awe mtu kama mtazamaji, pengine aliyemzidi elimu. Mchunga mbuzi aliyeokotwa nyikani humpa mtazamaji raha mbili kwa pamoja: raha ya kuona uzuri, na raha ya kuwa yeye ndiye mwenye kuokota. Sikilizeni basi jinsi jicho hili lilivyo na hila. Laweza kumsifu mtu kwa kumshusha. Laweza kumpandisha mwanamke wa Kiafrika juu ya jalada, na papo hapo likamnyima shule aliyosoma, lugha anazozisema na baba aliyemzaa.

Na tazama ni nani ambao hawakuulizwa. Nairobi ilimjua Iman. Waliokaa naye darasani walimjua. Mwalimu aliyesahihisha kazi zake alimjua. Jirani waliomwona akienda na kurudi walimjua. Mmoja wao kama angeulizwa, uongo ule usingekaa hata siku moja. Lakini jicho la mtaa halina thamani sokoni. Hakuna mwandishi aliyevuka bahari kuliuliza.

Iman hakuvunjika. Husimulia kwamba katika siku zake za kwanza za kazi, fundi wa kupaka nyuso alimwuliza kama amekuja na poda yake mwenyewe, kwa maana katika sanduku la fundi yule hapakuwa na rangi ya ngozi yake. Akajifunza kuchanganya rangi zake kwa mkono, na mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake ambao sanduku lile liliwasahau. Sanduku lilikuwa limesahau kwa muda mrefu. Vogue la Marekani lilikuwa na umri wa miaka 81 kabla ya mwanamke mweusi, Beverly Johnson, kukaa peke yake juu ya jalada lake, mwaka 1974. Na mpiga picha mweusi wa kwanza wa jalada hilo, Tyler Mitchell, alipatikana mwaka 2018.

Hapa najua yupo msomaji mwenye hoja mkononi, anayengoja zamu yake. Atasema: Watu hawa mashuhuri hawakulazimishwa. Wamejiuza wenyewe, wakalipwa, wakajenga, mbona tuwalilie? Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, waigizaji Michael Douglas na Catherine Zeta-Jones walioana katika hoteli ya Plaza mjini New York. Kabla ya siku hiyo walikuwa wamekwisha kuliuzia gazeti la OK! la Uingereza haki ya picha za harusi yao kwa pauni 1,000,000. Wageni walikatazwa kuja na kamera. Hata hivyo mpiga picha mmoja alipenya kwa siri, na picha zake zikachapwa na gazeti shindani, Hello!. Shauri likaenda mahakamani London, likavutana kwa miaka, hata likafika mbele ya mahakama iliyokuwa ya juu kabisa nchini humo, iliyotoa hukumu yake mwaka 2007. Mwisho wa yote, wanandoa walipata fidia ya pauni 14,600. Gazeti la OK! lilipata zaidi ya pauni 1,000,000.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini juu ya harusi iliyo nzuri, ikajiuza, na tena ikajitembeza. Wengine waliwacheka wanandoa wale, wakisema kuwa mtu aliyeuza mlango wake asilie kwamba ameingiliwa. Mimi sikubaliani na kicheko hicho. Mwenye hoteli auzaye chakula hajampa kila mpita njia ruhusa ya kuingia jikoni; na mtu aweza kuuza picha kumi za harusi yake bila ya kuuza ya kumi na moja. Walidhulumiwa kweli. Lakini tazama hesabu ya mahakama uone dunia waliyoingia. Uchungu wa bwana na bibi harusi ulipimwa kwa maelfu machache; hasara ya mchapaji ilipimwa kwa zaidi ya milioni. Mahakama haikukosea, ilipima kwa mizani iliyowekwa mezani na wenye shauri wenyewe. Faragha ikishatiwa bei, hugeuka shehena, na mwenye uchungu mkubwa wa shehena ni mfanyabiashara.

Tena si kila atazamwaye aliuza. Tarehe 31 Agosti 1997 Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alikufa mjini Paris kwa ajali ya gari lililokuwa likifuatwa mbio na wapiga picha. Dereva wake alikuwa amelewa. Mwaka 2008 jopo la raia waliosikiliza uchunguzi wa kifo hicho walisema kwamba kililetwa na uzembe mkubwa wa dereva huyo na wa waendeshaji wa vyombo vilivyomfuata. Wapiga picha hawa huitwa paparazzi, jina lililotokana na filamu ya Kitaliano ya mwaka 1960, La Dolce Vita, ambamo mmoja wao aliitwa Paparazzo. Hawakumfuata Diana kwa chuki. Walimfuata kwa sababu picha ina mnunuzi. Na mnunuzi huyo ni mhariri, na mhariri naye ana mnunuzi wake, ameketi saluni, anangoja zamu, hana nia mbaya na mtu yeyote. Katika msururu huu hakuna anayejiona kuwa ndiye mkosaji. Kila mmoja amenyosha mkono kidogo tu, na mikono hiyo midogo ikiunganishwa hufika mbali.

Ingekuwa rahisi sasa kuyatupa magazeti haya motoni yote pamoja, tukanawa mikono. Lakini haki hutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 1927 uso wa msichana wa Kimarekani, Lee Miller, ulichorwa juu ya jalada la Vogue. Msichana huyo baadaye alichoka kutazamwa akataka kutazama. Akajifunza kupiga picha, na katika Vita Kuu ya Pili akafuatana na majeshi ya Marekani kwa niaba ya gazeti lile lile. Mwezi wa Aprili mwaka 1945 aliingia katika kambi za mateso za Wajerumani, Buchenwald na Dachau, akapiga picha za maiti na za mifupa yenye uhai. Vogue lilizichapa. Wanawake waliofungua gazeti kutafuta mtindo wa kofia walikutana na jambo lililofanywa na binadamu kwa binadamu, na lilikuwa kweli tupu. Kwa hiyo karatasi nyororo si lazima iseme uongo.

Na upande huo wa pili una ushahidi mwingine ulio karibu nasi zaidi. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, akalelewa Kenya. Mwezi wa Februari mwaka 2014, siku chache kabla ya kupata tuzo ya Oscar, alizungumza mbele ya wanawake katika karamu ya gazeti la Essence, akaeleza habari za utoto wake. Alikuwa akiiona haya ngozi yake nyeusi. Kila usiku alimwomba Mungu amwamshe asubuhi akiwa mweupe kidogo, na alikuwa tayari kufanya mapatano naye: hataiba tena vidonge vya sukari usiku, atamtii mama yake kwa kila neno, wala hatapoteza tena sweta yake ya shule. Kila asubuhi alikwenda kwenye kioo, akakuta uso ule ule wa jana.

Wala hakukosa mtu wa kumwambia kuwa ni mzuri. Mama yake alimwambia. Lakini neno hilo halikumtuliza hata kidogo, kwa sababu, alisema, mama ni mama; atawezaje kumwona mwanawe vinginevyo? Kisha akatokea Alek Wek, mwanamitindo kutoka nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, mweusi kama usiku, akapamba magazeti ya dunia, na watu wakamsifu. Lupita alipoona kwamba mgeni amesifiwa kwa ngozi iliyo kama yake, ndipo mlango ulipofunguka moyoni mwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa mwenyeji alipona kweli. Katika karamu ile Lupita aliisoma barua ya msichana aliyemwandikia kwamba alikuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, lakini alipomwona Lupita akitokea mbele ya ulimwengu, akaghairi. Msichana huyo naye aliponywa na picha.

Sina budi kukiri nguvu ya ushahidi huu. Krimu zile si mchezo. Zenye zebaki hudhuru mafigo, na nyingine huiacha ngozi na mabaka yasiyotoka. Ikiwa picha moja imemwokoa msichana mmoja na kopo moja, basi picha hiyo imefanya kazi njema, na mwenye kuibeza hana huruma. Na hata hivyo moyo wangu hautulii, kwa maana dawa imetoka katika duka lile lile lililouza ugonjwa. Kilichotolewa na jalada chaweza kuchukuliwa na jalada: uso uliomponya msichana yule mwaka 2014 ndio uliokatwa nywele zake mwaka 2017. Alipotazama mara ya pili, alisoma nini?

Mama yake Lupita alikuwa na neno jingine alilokuwa akimwambia binti yake, kwamba uzuri hauliwi wala haushibishi. Lupita alisema kwamba neno hilo lilimsumbua miaka mingi kabla hajalielewa. Nalo ni neno lisilo na fumbo; mpishi yeyote angelielewa. Nafikiri halikueleweka kwa sababu iyo hiyo iliyofanya lile la kwanza lisiaminiwe: lilitoka kwa mtu aliyemjua. Alimjua alipokuwa na homa, alijua sweta ngapi zimepotea na vidonge vingapi vya sukari vimepungua, alimtazama kila siku kwa miaka, karibu, katika mwanga wa kila namna, bila kamera. Hapakuwa na shahidi duniani aliyemwona kwa ukamilifu kuliko huyo, na ushahidi wake ulikataliwa kwa kosa la kumpenda mshitakiwa. Ukaaminiwa wa gazeti, ambalo halikujua hata kama yupo.